Noti ya Mfalme Niliyoiosha

Harufu ya limau likikaukia juu ya chumvi, kwenye jua la saa sita, mpaka leo hunifanya nifunge dirisha. Wengine wakiisikia hukumbuka samaki wa kukaanga. Mimi hukumbuka bati lililokuwa nyuma ya jiko letu, kitambaa cheupe kilichotandikwa juu yake, na katikati ya kitambaa noti ya shilingi kumi yenye picha ya mfalme wa Waingereza. Sasa mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaoniona wa ajabu kwa sababu sitaki mtu atoe doa nyumbani kwangu kwa limau. Nunueni sabuni, nawaambia, nao wananicheka. Sijawahi kuwaeleza sababu. Ninyi nitawaeleza, kwa kuwa nimechoka kuibeba peke yangu.

Tuliishi Ruanda, hii yetu ya wilaya ya Mbinga, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyozungukwa na mibuni. Nilikuwa na bibi yangu, Agatha, na hakukuwa na mtu wa tatu. Mama yangu, mtoto wa pekee wa bibi na babu, alifariki kabla sijajifunza kutembea, na baba akaenda kuoa kwingine, kwa hiyo bibi ndiye niliyemjua. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa miguu, asiyependa maneno mengi asubuhi. Kabla ya chai hakuna aliyemsemesha, hata kuku walionekana kulijua hilo.

Babu alikuwepo, ila hakuwepo Ruanda. Babu Yohana alikuwa mtu wa ziwani, wa Mbamba Bay, na mtumbwi wake ulikuwa huko. Bibi alikaa naye huko miaka ya mwanzo. Baba yake bibi alipozeeka bila mtoto wa kiume, kahawa ikawa inaota majani tu, na bibi akapanda mlima kwenda kuishika. Hakuipata nafasi ya kushuka moja kwa moja. Wakawa na ndoa ya kupanda na kushuka: kiangazi babu alikuja na usipa, wale dagaa wa ziwani, wakavu kwenye gunia, akakaa mpaka mvua zinapokaribia, baada ya mavuno bibi alishuka na mahindi na maharage. Nilidhani ndoa zote duniani ziko hivyo, kwamba mume ni mtu anayefika na harufu ya samaki na kuondoka na harufu ya kahawa.

Bibi alikuwa na ombi moja tu, na hakulificha. Alitaka azikwe ziwani, ubavuni mwa babu, kwenye mchanga ambako mawimbi yanasikika. Alilisema wakati wa kupalilia, alilisema wakati wa kuchambua mboga. Mimi nilichoka kulisikia, kama mtoto anavyochoka kusikia jambo lolote linalohusu kufa.

Na alikuwa na noti. Siku ya mahari yake, watu wa babu walipokwisha kukabidhi kila kilichotakiwa, baba yake bibi aliichomoa noti moja kutoka kwenye zile alizopewa. Alikuwa amejifunza kuandika kwenye mafundisho ya dini. Akachukua kalamu ya kuchovya akaandika kwenye ukingo wake mweupe: Kwa Agatha, mke wa Yohana. Tumepokea yote. Akampa binti yake mbele ya watu, akamwambia asiitumie. Cheti kingine hawakuwa nacho. Babu alikuwa Mwanglikana, bibi Mkatoliki, na enzi zile ndoa ya namna hiyo haikuwa rahisi kufungwa kanisani, basi wakaishi na hiyo noti. Ilikaa ndani ya kitabu cha sala, na bibi aliifunua kila Jumapili aliporudi misani, akaitazama kidogo, akafunga kitabu, akaenda kubandika maharage.

Sasa nije kwangu. Kila mtoto huwa na jambo moja analosifiwa, na langu lilikuwa madoa. Wino ukimwagika kwenye shati la mtu shuleni, waliniletea. Nilikamua limau, nikapaka chumvi, nikaanika juani, nikarudia tena na tena kwa uvumilivu ambao kwenye hesabu sikuwa nao. Wino ulififia ukawa kahawia, ukawa njano, ukaisha. Walimu walinijua kwa kazi hiyo. Hata sista mmoja aliniletea kitambaa cha altare, na wiki nzima baada ya hapo sikusemeka.

Mwaka huo alikuwa ameletwa kwetu bwana shamba mpya, Salehe, mtu wa Tanga, Mwislamu mwenye kofia safi na Kiswahili kilichotufanya tuone haya na cha kwetu. Alipita kwenye mashamba kuangalia chule buni, ugonjwa ule unaoozesha kahawa ikiwa bado mbichi, na akimaliza alikaa kwenye benchi letu kunywa chai. Mke wake alikuwa amebaki Tanga. Nadhani upweke ndio uliompa mazoea ya kutembea na albamu yake ndani ya mkoba, pamoja na mikasi ya kukatia matawi. Albamu haikuwa na picha za watu. Ilikuwa na noti, kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki, na alituonyesha mimi na bibi kama mtu anayeonyesha wanawe.

Nilimuuliza kwa nini noti nyingine ameziweka mbele na nyingine nyuma. Hakunijibu kitoto. Alinijibu kama anavyojibiwa mtu mzima, na ndiyo maana nilimpenda.

"Hizi za mbele ndizo tunazoziita klasiki," alisema. "Ukongwe peke yake si kitu, Skola. Noti inaweza kuwa kuukuu na bado ikawa takataka. Klasiki ni ile ya zama zilizokwisha fungwa, serikali yake imeondoka na hairudi. Hebu pitisha kidole hapa, polepole. Umeona wino ulivyovimba? Huyo aliyeichonga sura hii alikaa nayo miezi. Tena ziwe zimebaki chache, kwa kuwa nyingine zilirudishwa benki zikachomwa."

"Na zikiwa chache tu, basi?"

"Bado. Mwili wake uwe mzima. Isikunjwekunjwe, isitobolewe na pini, isiandikwe."

Bibi alikuwa akisikiliza huku anapepeta mchele. Aliweka ungo chini, akaingia ndani, akatoka na kitabu chake cha sala. Bwana shamba alipoiona noti alitoa leso akafuta vidole vyote kumi kabla ya kuigusa. Aliinua kuelekea kwenye mwanga akaangalia alama ya maji. Akageuza akamwona simba wa upande wa pili. Kisha akaona ukingo.

"Lahaula," alisema taratibu. "Bi Agatha, hii ilikuwa ya ukurasa wa kwanza kabisa. Lakini haya maandishi... Kwetu sisi wakusanyaji, maandishi ni kidonda."

Bibi alicheka, na bibi hakuwa mtu wa kucheka ovyo. "Bila kidonda hicho, bwana shamba, mimi si mke wa mtu."

Wakacheka wote wawili, nami nikacheka kwa kuwafuata. Lakini kichwani mwangu lilibaki neno moja tu, kidonda. Noti ya bibi yangu ilistahili ukurasa wa kwanza na ilikuwa imenyimwa kwa sababu ya wino. Na wino, jamani, ilikuwa kazi yangu.

Sikuwa na tamaa ya fedha, naomba mniamini hapo. Nilitaka bibi aheshimiwe. Niliona aibu, kama vile mgeni ameona bibi amevaa gauni lenye doa na mimi nipo.

Nilingoja Jumamosi bibi alipokwenda kwenye sala za jumuiya. Nilichuma malimau mawili, nikasaga chumvi ya mawe mpaka ikawa unga, nikatandika kitambaa kwenye bati. Sikutumia vidole bali unyoya wa kuku, ili nisimguse mfalme. Nilipaka herufi moja moja. Jua lilikuwa kali, na wino ule wa zamani ulinitii kuliko wino wowote wa shuleni. Jina la bibi liliondoka kwanza. Likafuata la babu. Neno "yote" ndilo lililokuwa gumu. Nililirudia mara nne, na kwa mara ya nne likaondoka. Nilisuuza kwa maji ya moto yaliyopoa, nikakausha katikati ya vitambaa viwili chini ya pasi ya mkaa isiyo na moto mkali. Ukingo ukawa mweupe. Sijawahi kujivunia kazi ya mikono yangu kama siku hiyo.

Nilikimbia nayo mpaka nyumba ya bwana shamba. Alikuwa amekaa nje anashona kifungo cha shati. Aliipokea akitabasamu, na vidole vyake vilipoigusa tu tabasamu likaondoka.

"Umeifanyaje?"

"Nimeiosha. Kidonda kimepona."

Aliilaza ile noti kwenye kiganja bila kuufumba mkono. Aliniambia kwamba noti iliyooshwa hufa. Ule ugumu wa karatasi huenda na maji na haurudi tena, na mkusanyaji yeyote atalijua hilo kwa kidole hata akiwa amefumba macho. Lakini hakuonekana kujali hilo. Alikuwa akiangalia ukingo.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilikufundisha sheria za albamu, sikukwambia kwamba kuna noti ambazo hazikuandikiwa albamu. Mrudishie bibi yako, umwambie. Ukitaka nitakwenda na wewe."

Nilimwomba asije. Nililia, nikamshika kofia yake kabisa, mpaka akakubali. Niliirudisha noti kwenye kitabu, ukurasa uleule, na sikumwambia bibi. Jumapili ilipofika bibi alirudi misani, akafungua kitabu, akatazama. Nilikuwa mlangoni na ndoo. Alifunga kitabu, akaenda kubandika maharage. Nikafikiri macho yake yamezeeka, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Mtoto anaweza kumshukuru Mungu kwa jambo lolote.

Hazikupita wiki tatu, dereva wa lori lililoleta usipa akasimama barabarani na kuvua kofia. Babu alikuwa amefariki.

Tuliondoka alfajiri, juu ya magunia ya mahindi, bibi akiwa amekibana kitabu chake kwapani. Njia nzima ya kuteremka hakulia. Ziwa lilipojitokeza kati ya milima, lote mara moja, alivuta ushungi mbele ya macho yake. Kisha akanifunika kwa upande wa kanga yake.

Msiba ulikuwa umejaa. Kaka yake babu, Mzee Stefano, alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni, na ndani nyuma yake tuliuona mkeka wa mfiwa, karibu na jeneza, ukiwa hauna mtu. Bibi alimwamkia. Mzee Stefano aliitikia kwa adabu. Sitaki mumwone mtu mbaya. Wakati bibi anaolewa yeye alikuwa migodini, kusini, na aliporudi baada ya miaka mingi alimkuta mdogo wake anaishi peke yake.

"Agatha," alisema, "mimi sikuona kwa macho yangu. Watu wanasema ulikuwa unakuja na kuondoka kama mgeni. Walioshuhudia wamekwisha kufa. Ila tunasikia kuna noti. Itoe tuisome, ukae mahali pako."

Bibi alifungua kitabu akampa. Mzee Stefano alivaa miwani. Aliigeuza mbele na nyuma, akaiinua juani.

"Hapa pana mfalme na simba. Maandishi yako wapi?"

Kina mama waliokuwa wakiimba wakageuza vichwa mmoja mmoja. Nilikuwa nimeshika pindo la kanga ya bibi kwa mikono miwili na mkojo ukanitoka, nikausikia unashuka mguuni. Bibi alimpita Mzee Stefano kwa macho, akaangalia kule walikoketi wanaume kwenye mchanga, na nyuma yao ziwa. Wa mbele kabisa alikuwa Samweli, mdogo wa mwisho wa babu, mtu wa makamo wakati huo, anachorachora mchanga kwa kijiti. Bibi aliangalia upande huo kwa muda ambao mimi niliuona hauishi. Niliwaza, analiangalia ziwa, analiaga.

Kisha akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Niliyafuta mwenyewe."

Kwa watu wale, mwanamke aliyefuta maneno hayo kwa mkono wake alikuwa amejiacha mwenyewe, amejipa talaka. Mzee Stefano alivua miwani akamrudishia noti yake. Hakumfukuza. Bibi alipelekwa kukaa na majirani, nyuma, karibu na masufuria. Kaburini alitupa udongo baada ya watu wote, na nafasi ya ubavuni iliachwa kwa ajili ya ndugu wengine. Nyumba wakapewa watoto wa Mzee Stefano.

Kesho yake tulikaa stendi ya Mbamba Bay tukingoja gari la kupanda. Bibi alininunulia muhogo wa kuchoma. Niliushika bila kuuma. Nikamwambia, "Bibi, ni mimi."

"Najua," alisema. "Kitabu kizima kilinuka limau. Nilijua siku ile ya Jumapili."

"Kwa nini hukuwaambia?"

Alimenya kipande changu cha muhogo kilichoungua, akanirudishia. "Ningewaambia, wangekuita kwa jambo hilo mpaka uzeeke. Mtoto aliyeufuta ukoo. Ungeolewa nalo, ungezaa nalo. Mimi nimekwisha ishi. Kula."

Aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakushuka tena. Kila gari lililotoka ziwani alimuuliza dereva kama maji yamepanda kufika makaburini. Alipofariki tulimzika Ruanda, pembeni mwa baba yake, kwenye udongo mwekundu wa mibuni. Nilikuwa binti mkubwa wakati huo, nina akili zangu, na bado sikufungua mdomo. Bwana Salehe alikuwa amehamishwa zamani. Nasikia alikuwa akiniulizia.

Mwaka jana nikapata uhamisho, nikawa muuguzi katika zahanati moja ya wilaya ya Nyasa, huko huko ziwani, na sikuwa na kisingizio tena. Siku ya mapumziko nilipanda basi dogo nikashuka Mbamba Bay nikiwa na noti kwenye bahasha. Mzee Stefano alikuwa amekwisha kufa. Aliyebaki ni Samweli, mzee sasa, haoni, ameketi karibu na chanja za kuanikia usipa akifukuza kunguru kwa sauti tu. Nilimpa shikamoo, nikamweleza mimi ni nani. Nikamwekea noti mkononi.

"Babu, maandishi yaliyokuwa hapa niliyafuta mimi, nikiwa mtoto. Bibi hakufuta chochote. Nimekuja kusema."

Alipitisha kidole gumba kwenye ukingo, akaenda, akarudi.

"Nilikuwepo," alisema.

Nilidhani anazungumzia msiba. Nikamwambia namkumbuka.

"Siyo msiba. Siku ya mahari. Nilikuwa mtoto, nilibeba kapu la samaki kutoka hapa mpaka kwao, tukalala njiani. Hakukuwa na meza. Baba yake Agatha aliniambia nimwinamie. Aliandika maneno hayo mgongoni kwangu. Niliisikia kalamu ikipita, mpaka mwisho."

Damu ilinipanda kichwani. Nilisahau umri wake na upofu wake, nikamuuliza kwa nini basi hakusema, siku ile, mbele ya watu wote, neno moja tu.

"Hakuna aliyeniuliza mimi, mjukuu wangu," alisema. "Waliiuliza noti."

Alinirudishia noti. Nilisimama pale na hasira yangu, na sikujua niitupe wapi, maana mimi na yeye tulikuwa tumenyamaza miaka ileile. Ndipo nilipoelewa kuhusu yale macho ya bibi. Hakuwa analiangalia ziwa. Alikuwa anamwangalia Samweli, yule mtoto aliyebeba kapu siku ya mahari, akimpa nafasi ainuke aseme. Alimngoja kadiri alivyoweza, na alipoona hainuki, akasema aliyafuta mwenyewe.